Kwa Nini Kwelea Hawana wa Mbele

Mnawajua kwelea. Mmewaona jua linapoelekea kushuka wakipita juu ya migunga, wengi kama vumbi, wakipinda kulia, wakipinda kushoto, wote kwa mara moja, kama shuka kubwa inayokung'utwa na mtu asiyeonekana. Na mmejiuliza ni nani anayewaamuru. Basi tulieni niwaeleze, maana kwelea hawakuumbwa na mwendo huo. Waliupata siku moja, na waliupata kwa hofu.

Enzi hizo kwelea waliruka kwa mstari. Mbele aliruka mtemi, nyuma yake wazee, nyuma ya wazee madume wenye nguvu, kisha majike, na mkiani kabisa watoto waliotoka kiotani juzi, wakisindikizwa na dume mmoja wa zamu. Sheria ilikuwa moja, na kila kifaranga alifundishwa hata kabla hajaota manyoya ya mkia: macho mbele, kwa mtemi. Kumtazama mwenzako wa pembeni ukiwa hewani kulikuwa utovu wa adabu, sawa na kuchungulia chungu cha jirani. Aliyekuwa karibu alimwona mtemi na kumfuata. Aliyekuwa mbali asiweze kumwona alisubiri neno, na neno lililetwa na wapokezi. Hao waliwekwa hapa na pale katika mstari, na kazi yao ilikuwa kulisikia neno linalotoka mbele na kulirusha nyuma: kulia, kushoto, panda, shuka.

Kwelea walipokuwa wachache, mpango huo uliwafaa. Lakini ilinyesha misimu mizuri mfululizo, nyasi zikazaa mbegu mpaka zikalala chini, na kwelea wakaongezeka hadi mstari ukawa kama hauna mwisho. Mtemi alikuwa akishuka majini, mkia bado uko mtini unasubiri kuambiwa uruke. Neno likitoka mbele lilifika nyuma limechoka, na mara nyingine limegeuka: mtemi amesema kulia, mkiani wamesikia shuka. Waliovunjika mabawa kwa kugongana wakawa wengi. Na kozi, yule ndege mwenye kucha ndefu na macho yasiyosahau, aliutazama mstari ule akauelewa kuliko walivyouelewa wenyewe. Alijua kwamba akitokea mbele ataonekana na mtemi. Akitokea nyuma, atakuwa amekwisha kula, neno likiwa bado njiani.

Miongoni mwa wapokezi alikuwako jike mmoja aliyeitwa Nyemo. Alikuwa na sauti kali iliyosikika mbali, na ndiyo maana walimweka katikati ya mstari, mahali ambapo neno lilikuwa linaanza kufifia. Mumewe, Malogo, siku moja alipangiwa zamu ya kuwasindikiza watoto mkiani. Siku hiyo hiyo kozi alitokea upande wa kushoto. Mtemi alimwona akasema kulia, na neno lilipomfikia Nyemo alilirusha nyuma kwa pumzi zake zote, akapinda kulia kama ilivyompasa. Alipogeuza shingo baada ya kutua, aliambiwa kwamba neno lilifika mkiani salama, halikupotoka hata kidogo. Ila lilimkuta Malogo hayupo tena.

Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe alijua hakukosea. Na hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu kama hakukuwa na kosa, basi hakukuwa na cha kurekebisha. Angefanya vilevile kesho na kesho kutwa, kwa uangalifu uleule, na mkiani wangekufa vilevile.

Tangu hapo Nyemo hakutulia. Alianza kusikia maneno ambayo hayakusemwa. Akiwa ametua kwenye tawi na wenzake wanasafisha manyoya, yeye angeinua kichwa ghafla na kuuliza, "Wamesema kushoto?" na wenzake wangetazamana bila kumjibu. Jani likitikisika, alikunjua mabawa kama anayetaka kuruka. Kila alfajiri, kabla kundi halijaruka, alitetemeka hadi tawi lote likatetemeka naye, na waliolala karibu naye walihama mmoja mmoja wakatafuta matawi mengine.

Alikuwa amebaki na mtoto mmoja, Sechelela, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuruka. Nyemo alimtazama akijaribu mabawa yake juu ya kiota, akajua kwamba siku itafika sheria imweke mkiani.

Siku hiyo ilikuja na ukame. Ziwa dogo la Mlowela, ambako kwelea walikunywa miaka yote, lilinywea likawa tope, tope likapasuka. Mbegu zikaisha. Madume waliotumwa kutafuta walirudi wakisema kwamba mvua imenyesha kusini, ng'ambo ya uwanda mweupe wa chumvi, na kwamba huko nyasi zimeanza kuchanua. Lakini uwanda ule haukuwa na mti wala kichaka cha kujificha. Na penye mlango wake, juu ya mgunga uliokauka, kozi alikuwa amehamia na mkewe. Hakuwa anawinda. Alikuwa anangoja, kama mwenye duka anavyongoja watu ambao anajua hawana duka jingine.

Mtemi wa kwelea wakati huo aliitwa Chilongola. Alikuwa mzee wa haki, asiyependa kupaza sauti. Alitangaza kwamba kesho kutwa, upepo wa asubuhi utakapotulia, watavuka, na kila mmoja ashike nafasi yake.

Nyemo alikwenda kwake. Alimkuta peke yake kwenye tawi la juu, amekabili kusini.

"Shikamoo, mtemi."

"Marahaba, binti yangu. Najua kilichokuleta."

"Naomba mwanangu aruke ubavuni kwangu. Sitatoka kwenye nafasi yangu. Nitapokea neno na kulirusha kama siku zote."

Chilongola alimgeukia. "Nikimruhusu wako," alisema, "kesho kila mama atakuja hapa. Nitawakatalia kwa lipi? Na wakija wote katikati, nani atabaki mkiani?"

"Asibaki mtu."

"Mstari lazima uwe na mwisho, Nyemo. Kitu chochote kirefu kina mwisho."

Nyemo alikuwa akigeuka kuondoka ndipo mtemi aliposema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na kifua chake, "Mnadhani mimi siogopi. Ninyi nyote mnanitazama mimi. Mimi mbele yangu hakuna kitu, ni hewa tu. Namtazama nani?"

Nyemo alirudi kwenye kiota akiwa na hofu mbili badala ya moja.

Kesho yake, jua likiwa kali na wenzake wamejificha kivulini, alimchukua Sechelela hadi kwenye korongo kavu ambako mkondo wa maji ulikuwa umekufa. Alitaka kumfundisha kusikiliza. Aliruka mbele, akapaza sauti, "Kulia," lakini mtoto alikuwa anakodoa macho mbali, akitafuta kichwa cha mstari ambao haukuwapo, na akaenda moja kwa moja hadi akagonga ukingo wa korongo.

"Unatazama nini?"

"Namtafuta mtemi, mama. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

"Mtemi hutamwona. Ukiwa mkiani hutamwona kamwe."

"Basi nimtazame nani?"

Nyemo alijikuta amelisema neno kabla hajalipima. "Nitazame mimi."

Sechelela alimtazama. Nyemo alipopinda, naye alipinda, bila neno lolote, karibu katika pumzi ileile. Nyemo alishtuka. Miaka yote amelipokea neno na kulirusha, hajawahi kuona likifika upesi namna ile, na hapa hapakuwa na neno. Alipinda tena, mtoto akapinda. Alipanda, mtoto akapanda. Lakini kwa furaha ya kuweza, Sechelela alimsogelea mno, bawa la mtoto likaingia chini ya bawa la mama, wote wawili wakabiringika hadi mchangani.

"Nipe nafasi ya bawa," Nyemo alisema akijikung'uta. "Usinigonge."

Waliporuka tena mtoto aliogopa kumgonga, akakaa mbali, akabaki nyuma kabisa, na Nyemo akageuza shingo kumtafuta. "Usiniache pia," alimwita. Hivyo ndivyo walivyoshinda mchana ule: mtoto akikaribia mno anasogea pembeni, akibaki nyuma mno anakaza mabawa, na wakati wote uso wake uko kule ulikoelekea uso wa mama yake.

Walipotua, waliona kwamba hawako peke yao. Juu ya jiwe alikaa Mbeleje, jike mzee kuliko wote, mwenye ulimi usiokawia.

"Unamfundisha mtoto kutazama pembeni," alisema Mbeleje.

Nyemo alijua adhabu ya jambo hilo. Aliyeivunja sheria aliruka peke yake nyuma ya mkia, na aliyeruka peke yake nyuma ya mkia kwenye uwanda wa chumvi hakuhitaji kuagwa mara mbili. "Mama Mbeleje," alisema, na sauti yake kali ilikuwa imekwisha, "nakuomba usimseme mtoto. Niseme mimi."

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Nyemo alirudia. Mbeleje aliinamisha kichwa upande mmoja, akautazama mdomo wake ukifunguka na kufunga.

"Bado sikusikii. Masikio yangu yalikufa kabla wewe hujaanguliwa. Sijasikia neno la mtemi, wala la mpokezi, wala la mtu yeyote nikiwa hewani, tangu nikiwa msichana. Unadhani nimefikaje umri huu?" Alikunjua mabawa yake polepole. "Namtazama jirani kwa wizi, kwa pembe ya jicho. Akigeuka, nageuka. Nimekuwa nikidhani ni mimi peke yangu mwenye aibu hiyo."

Akaondoka bila kusema atanyamaza au atasema. Nyemo aliukesha usiku huo akimngoja mjumbe wa mtemi, na hakuja mtu.

Upepo wa asubuhi ulipotulia, Chilongola alirusha neno la kwanza, na mstari ukaanza kufunguka kutoka mitini kama uzi unaovutwa. Nyemo aliruka katika nafasi yake. Nyuma yake, mbali, asipoweza kuona, alikuwa Sechelela. Alijilazimisha kutazama mbele. Chini yao ardhi iligeuka nyeupe, na joto lilipanda kutoka kwenye chumvi mpaka mstari wote ukaonekana unatetemeka.

Walikuwa wamefika katikati ya uwanda ndipo upepo uliporudi. Haukurudi kama walivyoujua. Uliichota chumvi na vumbi kutoka chini ukaviinua vyote pamoja, ukuta mweupe ukawapitia ubavuni, na mara moja mtemi akatoweka. Wazee wakatoweka. Nyemo aliona tu wale waliokuwa karibu naye, vivuli vichache vilivyopiga mabawa katika weupe. Alitega masikio. Hakuna neno. Alingoja kidogo, akitumaini, na kilichomjia ni mlio wa upepo, na ndani ya mlio huo sauti nyingi zikiuliza kwa pamoja, "Wamesema nini? Wamesema nini?"

Ilimpasa aseme kitu. Alikuwa mpokezi, na waliokuwa nyuma yake walimngoja yeye. Lakini angesema nini? Akisema kulia bila kuambiwa, na mbele wamekwenda kushoto, amelikata kundi vipande viwili. Akinyamaza, wataenda moja kwa moja hadi watakapochoka na kuanguka.

Ndipo, kutoka nyuma, alisikia kilio kifupi kilichokatika. Kozi hakuhitaji kuona mbali. Alikuwa ameanzia mkiani.

Nyemo aliiacha nafasi yake. Hakuna mpokezi aliyewahi kufanya hivyo. Aligeuka akaruka kinyume cha mstari, akipishana na nyuso zilizomkodolea macho, akiita jina la mwanawe mpaka koo likamwuma. Alipita majike, akapita madume waliokuwa wamepoteza nafasi zao, akawakuta watoto wametawanyika hovyo, kila mmoja akitazama mbele penye weupe mtupu, akimtafuta mtemi. Dume wa zamu hakuwapo. Manyoya machache yalikuwa bado yanaelea.

"Sechelela!"

"Mama, simwoni mtemi!"

"Usimtafute. Nitazame mimi."

Mtoto alimwona, akamfuata. Pale pale kozi alitokea tena juu yao, mabawa ameyakunja, anakuja kama jiwe. Nyemo alipinda. Sechelela alipinda naye. Na Nyemo aliona kwa pembe ya jicho kivuli cha tatu kikipinda sawasawa nao, bila kuambiwa, kizee na kizito kidogo. Alikuwa Mbeleje, aliyekuwa amemwona akigeuka akamfuata. Mtoto wa jirani aliyekuwa karibu na Mbeleje alimwona mzee amepinda, akapinda. Wa karibu naye akapinda. Na kozi aliyekuwa amemchagua mmoja alipita pale alipokuwa yule mmoja, akakuta hewa.

Hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo hakuna aliyelipanga. Kila aliyekuwa karibu aliona wachache walio karibu naye wanakwenda pamoja, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama, aliwatazama hao. Hakuhitaji kuwaona wote. Aliyejaribu kuwatazama wote alishikwa na kizunguzungu. Aliwatazama jirani zake tu, wa juu, wa chini, wa kulia, wa kushoto. Hakuwagonga. Hakuwaacha. Walikoelekea wao, naye alielekea. Na jirani zake walikuwa na jirani, na hao walikuwa na jirani, hadi mbele kabisa walikokuwa wazee wakizunguka hovyo bila kujua waende wapi. Mstari ukajikunja. Ukawa donge, donge likawa wingu.

Kozi alipanda tena, naye mkewe akaja kutoka upande wa pili. Walishuka kwa pamoja. Waliokuwa ukingoni wakawaona wakakwepa, na kule kukwepa kukapita ndani ya kundi kama mtetemo unavyopita ndani ya maji, upesi kuliko neno lolote lililowahi kurushwa, upesi kuliko kucha za kozi. Kundi likafunguka mbele yao kama mdomo, wakapita katikati bila kugusa kitu, likafunga nyuma yao. Walijaribu tena. Kila walipomkazia mmoja macho, yule mmoja alikuwa amechanganyika na wengine mia, na hao mia wakageuka, na macho ya kozi yakapotea njia. Nyemo wakati huo hakuwa anafikiri. Kifua chake kilikuwa kinampiga, lakini mabawa yalikuwa yanajua pa kwenda, kwa sababu mwanawe alikuwa upande huu na Mbeleje upande ule.

Mwisho kozi alichoka. Alirudi na mkewe kwenye mgunga wao mkavu bila kukamata mwingine, na vumbi likatua, na chini ya kundi ikaonekana rangi ya kijani.

Walitua kwenye miti iliyokuwa kando ya majani mabichi. Hakuna aliyekula kwanza. Walikaa wakitazamana, kila mmoja akimtafuta jirani aliyekuwa naye hewani. Wengine hawakupatikana. Dume wa zamu hakupatikana, wala watoto kadhaa, na mama zao walikaa pamoja kwenye mti mmoja na hakuna aliyewasogelea kwa maneno.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Chilongola alipofika. Alifika peke yake, amepauka kwa chumvi. Alikuwa amevuka uwanda wote akitoa maneno, kulia, kushoto, panda, akiamini kwamba nyuma yake kundi linamfuata, na vumbi lilipotua aligeuza shingo akakuta nyuma yake hakuna mtu. Alirudi akizunguka uwanda akiwatafuta, akiwa na hakika wamekufa wote. Sasa aliwaona wametua mitini, akatua kwenye tawi la kwanza alilolikuta.

"Nani aliwaongoza?" aliuliza.

Nyemo alijua siri yake imefika mwisho. Alisogea mbele. "Mtemi, mimi niliacha nafasi yangu. Nilivunja sheria."

"Kwa hiyo ni wewe uliyewaongoza."

"Hapana. Mimi nilikuwa namtazama mwanangu."

Mtemi alimgeukia Sechelela. "Nawe?"

"Nilikuwa namtazama mama," alisema mtoto. "Na Mama Mbeleje."

Mbeleje, alipoona wamemgeukia, alisema alikuwa anamtazama Nyemo, na mtoto wa jirani, na dume mmoja mwenye bawa lililochanika. Dume yule aliulizwa akasema alikuwa anamtazama Mbeleje na wengine wawili aliowaonyesha kwa mdomo. Swali likaenda mti hadi mti, likazunguka, na kila aliyeulizwa alimwonyesha jirani, mpaka jua likashika miti na swali likawa limerudi kwa Nyemo bila kupata mtu.

Wazee walikasirika. Mmoja wao alisema kwamba kundi lisilo na wa mbele ni kundi lililopotea, limebahatika mara moja tu, na kwamba Nyemo anastahili adhabu. Nyemo alisimama akitetemeka kama alivyozoea. Lakini safari hii aliona kitu cha ajabu: waliokaa karibu naye hawakuhama. Mbeleje hakuhama. Yule dume mwenye bawa lililochanika hakuhama. Tawi lilitikisika, nao walitikisika nalo, wakabaki.

Chilongola aliwasikiliza wazee hadi mwisho. Kisha aliruka akaja kukaa kwenye tawi la Nyemo.

"Kesho tukienda kunywa maji," alisema, "mimi nitakuwa wapi?"

"Popote, mtemi."

"Mbele yangu patakuwa na mtu?"

"Mbele, na nyuma, na pande zote."

Walioketi karibu walisema baadaye kwamba mzee aliufumba mdomo wake na kuufumbua kama anayeonja kitu. "Sijui kuruka hivyo," alisema. "Utaniambia nimtazame nani."

Asubuhi alipaa katikati yao. Mwanzoni aligongana na kila mtu, kwa kuwa hakuwahi kuwa na jirani, na Sechelela, mtoto wa jana, alimwambia kwa adabu, "Babu, nipe nafasi ya bawa." Hadi walipofika majini alikuwa amejua. Toka hapo hakukuwa tena na mtemi wa kwelea, wala mpokezi, wala mkia. Kitu kile kirefu kilikuwa kimeacha kuwa kirefu, na hakikuwa na mwisho wa kumwachia kozi.

Lakini Nyemo hakupona hofu yake. Msidhani hofu huondoka kwa sababu umeokoka. Jioni moja kundi likiwa limetulia mtini, wengi wamekwisha fumba macho, jani kavu lilidondoka likapita mbele ya uso wake, na kabla hajatambua ni jani alikuwa ameruka. Sechelela akaruka. Mbeleje akaruka. Mti wote ukaruka, na mti wa pili, na wa tatu, mpaka mbingu ikawa nyeusi kwa kwelea wanaomkimbia kozi ambaye hakuwapo. Walizunguka mara kadhaa, wasione kitu, wakarudi matawini mwao.

Nyemo alitamani kujificha. "Nisameheni," alisema. "Ni jani tu. Ni hofu yangu."

Mbeleje aliutazama mdomo wake akamwelewa. "Zamani ulikuwa ukitetemeka peke yako hadi asubuhi," alimwambia. "Sasa tumetetemeka wote, tumezunguka, tumerudi. Kila mmoja ameichukua kidogo. Umebakiwa na hofu kiasi gani?"

Nyemo alijisikiliza. Kifua kilikuwa bado kinapiga, lakini si kama zamani. Alisogea akamwachia mwanawe nafasi ya bawa, akalala.

Ndiyo sababu kwelea, kuanzia msimu ule hadi huu wetu, huruka kama wingu bila wa mbele. Ndiyo sababu wakikosea hukosea wote, wakashuka shamba moja la uwele mpaka lisibaki suke, au wakatua tawi moja mpaka likavunjika, kwa kuwa kila mmoja ameangalia jirani na jirani ameangalia jirani. Na ninyi mnaopanda dunguni kuamia ndege wasile nafaka, mtawaona wametulia mtini, hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyepiga debe, mara wote wanapaa kwa kishindo, wanazunguka, wanarudi palepale walipokuwa. Msiwacheke mkasema wana wazimu. Kuna mmoja kati yao ameogopa, na wenzake wamekwenda kuizungusha naye hofu hiyo ipate kupungua.